Kutoka Boma Hadi Maabara: Safari ya Mtafiti wa Magonjwa

Katika mikutano ya vikundi hapa Isiolo, maswali mawili hayakosi kurudi. La kwanza ni la wazazi: "Huyu binti yetu anapenda sayansi na walimu wanamsifu. Lakini masomo hayo ni marefu na karo ni nyingi. Mwisho wake ni nini?" La pili ni la wafugaji: "Hawa vijana wanaokuja na gari na sindano, wakichukua damu ya mbuzi wetu, wanaipeleka wapi? Sisi tunapata nini?"

Tukiangalia vizuri, maswali haya ni ndugu. Yule kijana mwenye sindano naye alikuwa mtoto wa mtu, na kuna mzazi aliyeuza mnyama ili asome. Basi tumeonelea tuyajibu pamoja. Tutaeleza mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza ni mtu wa namna gani, anapita njia gani, na vikundi vyetu vina kazi gani katika safari hiyo.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Sisi wa Isiolo tunaishi na mifugo yetu karibu sana. Tunalala karibu na zizi, tunakunywa maziwa ya ngamia, tunazalisha mbuzi kwa mikono mitupu. Ndiyo riziki yetu, hakuna aibu hapo. Lakini magonjwa mengine yanapita kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu, na yakija hayaangalii kama wewe ni Mborana, Msamburu, Mturkana, Mmeru au Msomali.

Chukueni homa ya Bonde la Ufa. Mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 ilitokea hapa Isiolo, na pia Mandera, Garissa na Murang'a. Kufikia tarehe 4 Februari 2021, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 32 katika mlipuko huo, na 11 kati yao walikuwa wamefariki. Hiyo ni kama mtu mmoja kwa kila watatu.

Tunajuaje chanzo cha homa hii? Si kwa kubahatisha. Mwaka 1930 kondoo walikuwa wakitupa mimba na wana-kondoo wakifa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, akiwemo Robert Daubney, walikwenda huko, wakachukua sampuli, wakaonyesha kwamba ugonjwa huo ni wa virusi. Taarifa yao ilitoka mwaka 1931. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, watafiti wengine hapa hapa Kenya walionyesha kwamba virusi hivyo vinaweza kujificha ndani ya mayai ya mbu ardhini, kwenye mabonde yanayoshika maji. Mayai yanakaa makavu miaka na miaka. Mvua kubwa ikija na mafuriko yakisimama, mbu wanaanguliwa, na ugonjwa unatoka nao.

Ndiyo sababu leo mvua za El Niño zikitangazwa, wafugaji wanaambiwa wachanje mapema, wasichinje mnyama mgonjwa, wala wasishike kitoto kilichotupwa bila kitu cha kukinga mikono. Hilo onyo mnalosikia redioni lilianza na mtu aliyeuliza swali, akatembea kulitafutia jibu.

MTAFITI NI NANI HASA?

Watu wengi huchanganya daktari na mtafiti. Wanafanana lakini kazi si moja. Daktari anauliza, "Huyu mgonjwa aliye mbele yangu nimtibu vipi?" Mtafiti anauliza, "Kwa nini wagonjwa wa namna hii ni wengi kijiji hiki na si kile? Dawa hii inafanya kazi kweli? Kwa nini ndama huyu alikufa na yule akapona?" Halafu anahesabu, anapima, anaandika, na watu wengine wanaikagua kazi yake kabla haijakubaliwa.

Tena hiyo kazi si ya koti jeupe na darubini peke yake. Yupo mtu wa maabara, yupo anayetembea bomani kuchukua sampuli, yupo anayekaa na hesabu, yupo anayezungumza na akina mama kujua maziwa huchemshwa au la. Mtoto aliyekua akichunga mbuzi ana kitu ambacho mwenzake wa mjini hana. Anajua mnyama mwenye afya anavyosimama, na mgonjwa anavyojitenga na kundi.

NJIA YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Shule ya msingi. Hapa hakuna sayansi kubwa. Mtoto anatakiwa kusoma na kuhesabu vizuri, na kuruhusiwa kuuliza. Mtoto anayeambiwa "nyamaza" kila akiuliza kwa nini, hujifunza kunyamaza.

2. Shule ya upili. Masomo yanayofungua mlango ni biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Katika mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, na huko wanachagua mkondo mmoja kati ya mitatu. Anayetaka kazi hii achague mkondo wa sayansi na teknolojia. Wazazi, ulizeni mapema kama shule anayopelekwa mtoto ina maabara na walimu wa masomo hayo, kwa maana hapa ndipo watoto wetu wengi huachwa nyuma.

3. Chuo. Shahada ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi huchukua miaka 5. Udaktari wa watu ni miaka 6. Shahada za sayansi kama biolojia huchukua miaka 4. Na asiyepata alama za chuo kikuu asidhani mlango umefungwa. Kuna diploma za afya ya mifugo katika vyuo vya AHITI, kama kile cha Kabete, na kuna vyuo vya KMTC vinavyofundisha kazi ya maabara za hospitali. Wapo walioanza na diploma, wakafanya kazi, kisha wakarudi kusoma shahada.

4. Kazi ndogo za mwanzo. Hapa ndipo mtafiti kijana huzaliwa. Anapata nafasi katika mradi, labda KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya iliyoanzishwa mwaka 1979, au ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoundwa mwaka 1994 na yenye makao Nairobi. Kazi yake ni kubeba kisanduku cha barafu, kuandika namba kwenye chupa za damu, kuamka saa kumi alfajiri kabla ng'ombe hawajatoka. Mshahara si mkubwa. Lakini hapa anajifunza uaminifu, maana namba moja ikikosewa, mbuzi wa mtu mmoja huandikwa ugonjwa wa mbuzi wa mwingine.

5. Masomo ya juu. Shahada ya uzamili huchukua kama miaka 2, na ya uzamifu miaka 3 au 4, mara nyingine zaidi. Ile ya uzamifu ndiyo cheti cha mtafiti kamili. Humo anachagua swali moja ambalo halijapata jibu, analifuata mpaka mwisho, kisha anakaa mbele ya wakubwa wake na kulitetea.

Hesabuni: 5 na 2 na 4 ni miaka 11 baada ya shule ya upili. Ni safari ndefu, hatuwadanganyi. Lakini si miaka yote hiyo ni ya mzazi kulipa karo. Shahada ya kwanza ina mikopo ya HELB, ambayo imekuwapo kwa sheria tangu 1995, pamoja na basari mbalimbali. Kwa masomo ya juu, wanafunzi wengi wa utafiti hulipiwa na mradi wanaoufanyia kazi au hupata ufadhili. Mzigo mzito wa familia uko mwanzoni, yaani shule ya upili na miaka ya kwanza ya chuo. Kikundi kikisaidia hapo, kimesaidia pale penye mlima.

WATU WATATU WALIOPITA NJIA HII

Wa kwanza ni Walter Plowright. Alizaliwa Uingereza mwaka 1923, akamaliza udaktari wa mifugo mwaka 1944, akaja Kenya akiwa kijana katika kikosi cha jeshi cha madaktari wa wanyama. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 33 tu, alianza kazi Muguga, katika shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki. Ugonjwa uliomshughulisha ni sotoka. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao jinsi sotoka ilivyofagia ng'ombe katika miaka ya 1890, watu wakafa kwa njaa. Chanjo za zamani zilikuwapo, lakini nyingine ziliwafanya baadhi ya ng'ombe kuugua. Plowright na wenzake walichukua virusi vya sotoka, wakavikuza katika chembe za figo za ndama ndani ya maabara, wakavihamisha tena na tena, mara kama 90, mpaka vikapoteza ukali wake. Ikapatikana chanjo salama, na ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingwa maisha yake yote.

Shida moja ilibaki: chanjo hiyo ilitaka baridi, na friji haifiki kila malisho. Baadaye watafiti wengine vijana, akiwemo daktari wa mifugo Mmarekani Jeffrey Mariner, walitengeneza aina inayostahimili joto, ikaweza kubebwa na wahudumu wa mifugo wa vijijini kwenda mbali. Na mwisho wake mnajua ulikuwa wapi? Jirani yetu kabisa. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru, ile inayopakana na watu wa Kinna. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha ulimwenguni. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa na binadamu, baada ya ndui.

Wa pili ni mama, Daktari Monique Wasunna. Tangu alipokuwa daktari kijana wa KEMRI, alishughulika na kala-azar. Ugonjwa huu tunaujua Isiolo. Unaletwa na usubi mdogo anayependa kukaa kwenye vichuguu. Mgonjwa anapata homa isiyokwisha, anakonda, bandama inavimba, na asipotibiwa anakufa. Zamani matibabu yalikuwa sindano kila siku kwa siku 30. Fikirieni mama wa Merti anayekaa hospitali mwezi mzima na mtoto mmoja, wengine wako nyumbani na mbuzi hawana mchungaji. Watafiti wa Kenya, Sudan, Ethiopia na Uganda walifanya kazi pamoja kupima dawa mbili zikitumiwa kwa pamoja. Ikaonekana siku 17 zinatosha, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo. Daktari Wasunna alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, na aliongoza ofisi ya Afrika ya shirika la DNDi, linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kazi hii si ya wasichana.

Wa tatu ni Thumbi Mwangi. Alisomea udaktari wa mifugo Nairobi, kisha akafanya uzamifu wake na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Lakini ng'ombe aliowachunguza hawakuwa wa Ulaya. Walikuwa ndama wa wakulima wadogo wa sehemu za Busia. Katika mradi huo, kati ya mwaka 2007 na 2010, ndama 548 waliandikishwa wakiwa na siku chache tu tangu kuzaliwa, wakatembelewa kila baada ya wiki 5 mpaka wakakaribia mwaka. Aliyekufa alipasuliwa kutafuta sababu. Walikufa 88. Ndigana inayoletwa na kupe ilichukua kama asilimia 40 ya vifo vilivyotokana na maambukizi, na minyoo ya tumbo na ugonjwa wa maji moyo ikafuata. Jambo kubwa lililoonekana ni hili: ndama mwenye ndigana aliyekuwa na minyoo mingi pia alikuwa katika hatari zaidi ya kufa. Maana yake, mwenye kupigana na kupe peke yake akasahau minyoo, amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Thumbi baadaye aliingia katika utafiti wa kichaa cha mbwa, na akaongoza kituo cha utafiti wa magonjwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Angalieni watu hawa watatu. Kila mmoja alianza akiwa kijana mwenye cheti kipya na swali moja. Na hakuna hata mmoja ambaye angefika popote kama wenye ng'ombe, wenye wagonjwa na wenye ndama wangekataa kushirikiana naye.

DAMU YETU INAKWENDA WAPI?

Sasa tuje kwa swali la wafugaji. Damu hupelekwa maabara, hutengwa, hupimwa kama ina virusi, bakteria, au alama za mwili kuwa umewahi kupigana na ugonjwa fulani. Jibu la mnyama mmoja ni dogo. Majibu ya mamia yakiwekwa pamoja, picha inaonekana.

Mfano ni ngamia. Kuna homa ya mapafu inayoitwa MERS, iliyotambuliwa mwaka 2012 huko Saudi Arabia, na virusi vyake viko kwa ngamia wa huku kwetu pia. Watafiti walichunguza ngamia waliofika kuchinjwa katika kichinjio kimoja kwa miezi 12 mfululizo hapa Kenya. Waliona virusi vinapanda mara mbili, Oktoba 2022 na Februari 2023. Wakapima pia wafanyakazi 48 wa kichinjio, na 7 kati yao walikuwa na dalili katika damu kwamba waliwahi kukutana na virusi hivyo. Kwa anayechinja au kukamua ngamia, habari hii ni ya manufaa: nawa mikono, usikae puani kwa ngamia anayetoka makamasi, chemsha maziwa. Kuchemsha huko kunakinga na brusela pia, ile homa ya viungo inayodhaniwa malaria mara nyingi.

Lakini kusaidia utafiti si kuwa mjinga. Mtafiti wa kweli ana vibali, na wewe una haki ya kuviona. Kabla ya kukubali, kikundi kiulize hivi:

- Wewe ni nani, na umetumwa na taasisi gani?
- Una kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili ya utafiti?
- Unatafuta ugonjwa gani, na unachukua damu kiasi gani?
- Mnyama akipatikana na ugonjwa, tutaambiwa? Na nani atamtibu?
- Majina yetu yatatunzwa vipi? (Kenya ina sheria ya kulinda habari za mtu binafsi tangu 2019.)
- Utarudi lini kutuambia mlichopata?

Na jueni kwamba mtu anaweza kusema hapana, au kusema ndiyo kisha akabadilisha mawazo, bila kunyimwa huduma yoyote. Mtafiti mwema hakasiriki akiulizwa. Yule anayekasirika, mwambieni aje siku nyingine na barua.

Hilo la kurudi tunalisisitiza. Malalamiko tunayosikia zaidi vijijini si kwamba damu ilichukuliwa. Ni kwamba waliochukua hawakuonekana tena. Mtoto wetu akiwa mtafiti, tumfundishe mapema: ukikopa sampuli kwa mama, umekopa. Rudisha jibu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, tengeni mfuko mdogo wa masomo ya sayansi. Si lazima uwe mkubwa. Kikundi cha akina mama wa maziwa kikiweka kando pesa kidogo kila mauzo, kwa muhula mmoja kinaweza kununua vitabu, sare, au nauli ya mtoto wa kutoka Sericho hadi shuleni.

Pili, mlinde msichana asitolewe shule. Ukame ukija, yeye ndiye wa kwanza kubaki nyumbani kuchota maji au kuozwa. Kikundi kinaweza kukaa na familia na kutafuta njia nyingine kabla mambo hayajaharibika.

Tatu, alikeni wataalamu. Afisa wa mifugo, muuguzi, fundi wa maabara au kijana wenu aliye chuoni aje aongee na watoto wakati wa likizo. Mtoto hatamani kazi ambayo hajawahi kuona mtu akiifanya.

Nne, wekeni kumbukumbu. Daftari moja la kikundi: mnyama gani aliugua, tarehe gani, dalili gani, mvua ilinyesha lini. Mbuzi wengi wakitupa mimba kwa mpigo, pelekeni habari kwa ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo. Daftari hilo ni utafiti tayari, na kijana anayelitunza ameshaanza safari bila kupanda gari.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni ugonjwa gani wa mifugo au wa watu ambao hatujui unatoka wapi? Nani anaweza kutusaidia kuuliza?
2. Tuna mtoto yupi, wa kike au wa kiume, anayependa sayansi? Anakwama wapi?
3. Watafiti walipokuja mara ya mwisho, tulipata majibu? Kama hatukupata, tutadai vipi?
4. Nani atanunua daftari la kumbukumbu, na nani ataliandika?

Someni makala haya kwa sauti mkiwa pamoja, maana si wote wanaosoma. Swali la nne lijibiwe kabla mkutano haujafungwa.